Mlango wa Marsilia Unaofungwa Saa Nne

Nyinyi mnaojikatia safari kwa kidole, mmelala kitandani, mnatuona sisi tuliokaa nyuma ya meza ya tikiti miaka thalathini na kitu kama watu tuliokuwa tukipoteza wakati. Sikulaumuni. Kazi yetu imekwisha kweli, na ofisi niliyostaafia hapa Ibra sasa inauza miwani. Lakini kila likizo ikikaribia, nyinyi hao hao ndio mnaokuja kwangu mmoja mmoja: "Ami Rashid, shikamoo. Tunakwenda Ufaransa, upande wa kusini, mji wa Marsilia. Tukae wapi? Pana usalama?" Marahaba. Nitakwambieni pa kukaa, na habari ya usalama nitakwambieni, ila mtanisikiliza mpaka mwisho, maana haya ninayoyajua sikuyasoma popote. Mengine nimeyajua kwa mauti ya mtu.

Nianze na lile zito, nisije nikalikwepa nikifika katikati. Rafiki yangu Salim, tuliyekaa dawati moja skuli kule Unguja tukaja kuzeekea pamoja huku Omani, alifariki Marsilia, kwa safari niliyompangia mimi. Mjukuu wake, Zuwena, msichana wa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyekuwa naye, na watu wakasema yeye ndiye aliyemponza babu yake. Mimi nilikuwa nalo neno la kumtua mzigo ule. Nikalimeza. Basi mkiniona nakukaripieni kwa vitu vidogo vidogo, kama namna ya kuandika saa, msidhani ni uzee tu.

Kazi nilifunzwa Nizwa, katika ofisi ya chumba kimoja, na aliyenifunza ni mwanamke. Bi Asya, Mpemba wa Wete, alikuwa akikata tikiti za ndege Unguja tangu kabla ya Mapinduzi, alipokuja huku hapana aliyemshinda. Mfupi, miwani yake ina mnyororo shingoni, na akikasirika hapandishi sauti: anakwita "bwana mkubwa". Siku Bi Asya akikwita bwana mkubwa, ujue umeharibu, tena umeharibu mbele ya abiria.

Mimi nilikuwa bwana mkubwa katika mwezi wangu wa kwanza. Alikuja mzee mmoja kutoka Jabal Akhdar, mkulima wa mawaridi, anakwenda Cairo kumtazama binti yake. Ndege yake inaondoka saa moja ya asubuhi. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, basi nikaichukua saa yangu ya Kiswahili nikaigeuza vivi hivi, neno kwa neno: as-saa wahda. Mzee akaitikia, akashukuru, akenda zake. Sasa wahda ya Mwarabu ni saa saba ya mchana. Baada ya adhuhuri akawasili uwanja wa ndege Muscat, kaoga, kajifukiza udi, na chupa zake za maji ya waridi ndani ya kikapu. Ndege aliyoifuata ilikuwa imekwisha tua Cairo.

Bi Asya alinipandisha mlimani kuomba radhi, na barabara ya mlima wakati ule si hii mnayopanda nyinyi kwenda kupiga picha hotelini. Mzee akanisikiliza, akanimiminia maji ya waridi mikononi kama mgeni wa heshima, akasema amenisamehe, na safari nyengine atakata tikiti kwa mtu mwengine. Niliporudi Nizwa, Bi Asya akaniambia: "Wewe una saa mbili kichwani, abiria ana moja. Usimtajie mtu saa kwa mdomo maisha yako. Muandikie kwa tarakimu, ishirini na mbili, ishirini na tatu, kama ilivyo kwenye tikiti. Mpe karatasi mkononi, halafu yeye ndiye akusomee wewe." Na mimi nikafanya hivyo mpaka siku niliyostaafu. Abiria wangu wengine walikuwa wakinuna, wanajiona wamerudishwa darasa la kwanza. Wanune, lakini hapana hata mmoja aliyeachwa na ndege.

La pili alilonifunza Bi Asya ni la malazi. Akisema usiulize hoteli ina nyota ngapi, uliza nani anafungua mlango, na mpaka saa ngapi. Nyota hazikufungulii mlango.

Haya, Marsilia. Ni mji wa bandari, mkongwe, jua tele, na una upepo wake wa baridi ukivuma unakunyang'anya kofia kichwani. Si mji mbaya, nawaombeni msimsikilize anayekutisheni. Wengi niliowapeleka walirudi na afya zao, na sabuni za zaituni za kugawa mtaa mzima. Mkienda, kaeni pale wanapopaita Bandari ya Kale, penye boti na mikahawa, au mitaa ya kusini yake inayofuata bahari. Hapo pana watu, pana taa, na hoteli kubwa zina mtu mapokezi usiku kucha. Hoteli ikiwa na mtu usiku kucha, hata ukichelewa, ukipotea, ukiugua, yuko wa kumuamsha.

Stesheni kuu ya treni iko juu kilimani, ina ngazi pana zinazoteremkia mjini, nzuri kwa picha. Hapo ndipo nilipochopolewa pochi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechukua kikundi cha watu kumi na moja, nimesimama juu ya ngazi kama mwalimu, nawaonyesha namna mchopozi anavyokusogelea. Nikamaliza somo, nikatia mkono mfukoni nitoe leso, mfuko mtupu. Abiria wangu walidhani na hilo ni sehemu ya somo.

Mitaa ya nyuma ya stesheni, mchana ni soko zuri. Utapata nyama ya halali, utapata watu wa Algeria na Tunisia wanaokusalimu kwa Kiarabu, utasikia "ya hajj, taal", yaani ewe haji njoo, ukajiona umefika kwenu. Na hapo ndipo watu wetu wanapoponzeka. Mtu wetu akiwa Paris anashika mkoba wake kwa mikono miwili, lakini akisikia Kiarabu au akanusa bizari, analegea, anaweka simu juu ya meza, anampa mtu asiyemjua amshikie mtoto. Yakhe, mwizi haulizi kabila wala dini. Mchana nendeni mkanunue mnachotaka, jua likizama rudini kwenye watu.

Mkikodi gari, msiache kitu kinachoonekana dirishani, hata koti bovu. Bwana mmoja wa hapa Ibra alisimamisha gari dakika kumi akanywe kahawa, akakuta kioo kimevunjwa, masanduku mawili hayapo, na kopo lake la tende limefunguliwa, limeonjwa, likaachwa. Aliniambia ya masanduku ameyasamehe, lakini kwamba mwizi ameonja tende za shamba lake akaziacha, hilo halisamehe.

Simu isikae mkononi barabarani. Mkitaka kupiga, ingieni dukani, mpige, muitie mfukoni, ndipo mtoke. Na aliyekuletani kwa gari asiondoke mpaka mlango ufunguliwe na nyinyi mmekwisha ingia. Msione haya kumuweka. Haya yote nilikuwa nikiwaambia watu kila wiki, nayajua kama Alhamdu. Salim sikumwambia hata moja.

Salim hakwenda Marsilia kutembea. Alikwenda kuagana na mtu. Katika darasa letu la Unguja tulikuwa watatu tusioachana: mimi, Salim, na Mmadi, Mngazija. Sisi wawili dunia ikatuleta Omani, Mmadi ikampeleka Ufaransa. Wangazija Marsilia ni wengi mno, wana misikiti yao, maduka yao, arusi zao. Akafanya kazi bandarini, akazaa, akapata wajukuu, na mwishowe figo zikamkatalia. Mwaka jana, baridi ilipoanza, mwanawe akampigia Salim akamwambia baba hana siku nyingi.

Salim akaendesha gari kutoka Sur mpaka kwangu Ibra, mtu wa miaka sabini na tatu, na fimbo yake kiti cha mbele. "Nipeleke kwa Mmadi kabla hajaondoka," akaniambia. Nami nilikuwa nimekwisha staafu miaka miwili. Sina ofisi, sina mashine ya kuchapa karatasi, nina simu tu na ukaidi wangu. Nikamwambia, "Wewe lala, mimi nitapanga."

Zuwena ndiye atakayefuatana naye. Alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo huko Nizwa, ana Kiingereza, ana Kifaransa kidogo cha kusoma vibao. Akaja na simu yake, ameshatafuta hoteli Bandari ya Kale, nzuri. "Ami, hii kuna mtu mlangoni layl wa nahar," akaniambia, maana yake usiku na mchana. Mtoto alikwisha pata lile jibu alilolitaka Bi Asya, bila ya kumjua Bi Asya.

Mimi nikamkatalia. Nilikuwa nimeona nyumba ndogo ya wageni nyuma ya stesheni, mwenyewe mama mmoja wa Kifaransa, na wageni wanaruhusiwa kutumia jiko. Salim bila ya wali hakai. Nikamwambia Zuwena, "Babu yako utamlisha mikate mikavu wiki nzima? Mimi nimeanza kazi hii baba yako hajaota ndevu." Akanyamaza. Hawa watoto wetu wana adabu, na adabu yao ndiyo tunayoitegemea tukikosea.

Siku mbili kabla ya safari yule mama akaniletea barua kwenye simu. Mlango wa nyumba hufungwa saa 22:00, na mgeni atakayechelewa aombe mapema namba za kufungulia. Niliisoma nimekaa barazani, nimeshiba, nimetoka kuswali Isha. Kuandika nikaona tabu, macho yangu na vile vitufe haviendani. Nikabonyeza nikasema kwa mdomo: "Zuwena mwanangu, mlango wao unafungwa saa nne za usiku. Saa nne muwe ndani, msimtegemee mtu kukufungulieni." Ile habari ya namba sikuitaja, nikiona haina haja, wazee gani watatembea usiku. Baba yake, Nassor, nikamtumia vile vile ajue.

Zuwena akanijibu kwa sauti: "Zen, ami, shukran. Saa nne." Ameirejea mwenyewe, mimi nikaridhika, nikalala.

Yaliyotokea nimeyapata baadaye kwake na kwa baba yake. Siku yao ya tatu walikwenda kwa Mmadi baada ya alasiri. Mmadi alikuwa kitandani sebuleni, na alipomwona Salim akaomba ainuliwe akae. Wakazungumza Unguja yao: mwalimu aliyekuwa akipiga kwa kitana, mpira wa Mnazi Mmoja, nani amekufa, nani yuko Dubai. Wakala, wakaswali, wakarudi kuzungumza. Walijua hawataonana tena, hapana mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Walipoondoka ilikuwa inakaribia saa sita ya usiku. Mwana wa Mmadi akawachukua kwa gari. Kichochoro cha ile nyumba gari haliingii kutoka upande ule, akawashusha penye kona, na Salim akamwambia rudi, baba yako anakuhitaji, sisi tumefika. Mlango umefungwa. Zuwena akagonga, akabonyeza kengele, akagonga tena. Akatoa simu kunipigia mimi.

Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa ya usiku, na simu yangu usiku huinyamazisha. Nilipoamka kuswali nikaona amenipigia mara mbili. Nikasema nitampigia nikishakunywa chai.

Watu wawili walipita wakaiona simu imewaka mkononi mwa msichana aliyesimama peke yake na mzee. Mmoja akaikwapua. Salim akainua fimbo. Hawakumpiga, Zuwena anasema, walimsukuma tu wapite, na yeye akaanguka akagonga kisogo kwenye kizingiti cha jiwe. Siku mbili alikuwa hospitali hajui lolote, ya tatu akafariki. Mmadi alimfuata baada ya wiki.

Nassor alikwenda kumleta baba yake, na tukamzika Sur. Matanga yalikuwa nyumbani kwao Aija, mtaa wa Sur ulioko ng'ambo ya daraja, wanaume tumekaa sabla, ukumbi wa wageni, wanawake ndani. Siku ya pili, baada ya khitma, baba wakubwa wa Nassor wakataka kujua khasa ilikuwaje mpaka mzee wa miaka sabini na tatu akawa nje saa sita ya usiku. Nassor akatoa simu. Akaifungulia ile sauti yangu mbele ya watu wote.

"Saa nne muwe ndani." Nilijisikia mwenyewe, sauti imetulia, ya mtu anayeijua kazi yake.

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Rashid kasema, tena kasema sana. Mtu afanye nini zaidi?" Nassor akamwita Zuwena. Akaja mpaka mlangoni, uso umevimba kwa kulia, ameshika fremu ya mlango.

"Ulimsikia ami yako alivyosema?" Nassor akamuuliza.

"Nimesikia. Saa nne."

"Nyinyi mlifika saa ngapi?"

Akafikiri, akasema kwa Kiswahili, "Usiku katikati. Nne ilikuwa bado, baba. Babu aliuliza kama kuna wakati, mimi nikasema upo, nne bado."

Yule mzee akasema kwa huruma, "Mtoto kachanganyikiwa. Mwacheni." Nassor hakumwacha. Akamwambia, "Bado wapi? Nne ilikwisha pita zamani. Ungelikuwa unasikiliza maneno ya watu, babu yako angelikuwa hai." Zuwena akainamisha kichwa akarudi ndani.

Wanangu, katika sabla ile palikuwa na watu thelathini, na aliyefahamu ni mimi peke yangu. Watoto hawa Kiswahili wanacho cha jikoni: leta, njoo ule, usipige kelele. Saa wanaihesabu kwa Kiarabu na kwa simu. Nilipomwambia saa nne za usiku, yeye kaona nne ya kwenye simu, arba'a, ile inayokaribia adhana ya alfajiri. Kwake yeye waliporudi walikuwa wamewahi, tena wamewahi sana. Babu yake alipomuuliza, alimjibu kwa Kiarabu kama wanavyozungumza nyumbani, na Salim akaielewa arba'a kama Mwarabu yeyote, akafurahi kwamba ana usiku mzima wa kukaa na Mmadi. Na pale sabla angelisema arba'a, wote wangelizinduka. Lakini alikuwa mbele ya wazee, akawaheshimu akawasemesha Kiswahili.

Mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Mtu wa pembeni yangu akanishika goti akaniambia, "Usijilaumu, Rashid, wewe umetimiza." Nikasema alhamdulillahi. Ndivyo nilivyosema, nikanywa kahawa.

Kwa nini? Niliona haya. Miaka yote ile watu wakinisifu, Rashid hakosei, mpe Rashid akupangie. Na nilimpenda Salim, sikuweza kutamka kwa kinywa changu kwamba ni mimi. Nikasema acha matanga yaishe. Yakaisha, nikasema nitamwambia mjane wake kwanza, Bi Moza, ndiye mwenye haki. Na Bi Moza amekaa kizuka, yumo edani, mwanamume wa kando hamuoni miezi minne na siku kumi. Nikaishika eda yake nikajifichia humo. Sheria ndiyo iliyonizuia, si mimi. Kumbe simu ninayo, na mwanawe Nassor nakutana naye.

Nilikutana naye mara mbili. Mara ya kwanza kwenye soko la Ibra, ananunua majani ya ng'ombe, akaniambia Zuwena ameacha chuo. Mara ya pili nilikwenda mji wa Jalan Bani Bu Hassan kufuatia karatasi zangu serikalini, nikamkuta kwenye foleni. Nikamuuliza mama hajambo. Akasema hajambo, ila hataki chai iliyopita mkononi mwa Zuwena, na mtoto akiingia chumbani, bibi yake anageukia ukutani. "Hata mimi nikimtazama," akasema, "namuona baba." Palikuwa na nafasi pale, tumekaa viti viwili pamoja tunangoja namba zetu. Namba yake ikaitwa kwanza, akanyanyuka, nami nikashukuru.

Eda ikaisha. Sikuwa tena na pa kujificha. Nikaendesha gari mpaka Sur, mchana, jua kali, nimefunga redio, nayapanga maneno na kila nikiyapanga yanakuja na udhuru ndani yake. Nilipofika Aija sikuwa na hata neno moja.

Bi Moza alikuwa sebuleni na Nassor. "Karibu Rashid," akasema. "Umekonda." Nikampa mkono wa tanzia, tukakaa. Zuwena akaingia na tende, halafu birika la kahawa. Akanimiminia mimi, akammiminia baba yake, akafika kwa bibi yake. Bi Moza akafunika kikombe kwa kiganja. Mtoto akasimama kidogo pale na birika lake, kisha akageuka aende.

"Zuwena, kaa," nikamwambia. Akamtazama baba yake, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Nikikwambia tukutane saa nne za usiku, utakuja lini?"

Alidhani namtega. Macho yakamjaa machozi. Akasema polepole, "Arba'a, ami. Watu wamelala. Kabla ya alfajiri."

Nassor akaweka kikombe chini. Bi Moza akauliza, "Anasema nini huyu?" Lakini alikuwa amekwisha fahamu, nilimuona mkono umemtoka juu ya kikombe.

Nikasema yote. Hoteli aliyoichagua yeye nikaikataa mimi, barua ya yule mama, zile namba nilizoziona hazina haja, karatasi nisiyoiandika, simu mbili nisizozipokea. Nikasema mtoto alifuata nilivyomwambia sawasawa, na aliyekosea ni mimi. Zuwena akajifunika uso kwa shela yake, akalia, si kilio cha kushukuru, analia kama mtu aliyepigwa muda mrefu na ndio kwanza ameruhusiwa kulia. Alipopata sauti alisema, "Nilisema. Baba, mimi nilisema nne bado."

Bi Moza akaniuliza, "Wewe umelijua hili lini?"

Ningeweza kusema jana. Nikasema, "Siku ya pili ya matanga."

Akanitazama. Hakupandisha sauti.

"Miezi minne na siku kumi nimemkalia kizuka mume wangu, ni haki yake," akasema. "Mtoto huyu umemkalisha kizuka kwa ajili ya nani?"

Akamvuta Zuwena akampakata kama mtoto mchanga, akaanza kumwomba radhi kwa Kiarabu, neno moja moja, ili afahamu. Mimi nilikaa kidogo, nikanyanyuka, nikatoka. Hapana aliyenyanyua kichwa.